Kutoka Amani hadi Chambezi: Mihogo, Virusi na Waliojifunza Kuvisoma

Shamba la mihogo linaweza kumdanganya mwenyewe mwaka mzima. Majani yanapendeza, mashina yamesimama, kisamvu kinachumwa kila wiki. Siku ya kung'oa ndipo kisu kinaposema kweli: ndani ya muhogo kuna mabaka ya kahawia, makavu na magumu, hayaivi kwa moto wala hayafai kuanikwa makopa. Mama anakata wa pili na wa tatu, anaukuta ni uleule. Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Mtwara na kuvuka Ruvuma, wakulima wamezoea kuwahi kung'oa mihogo kabla haijakomaa, wakikubali kupata midogo kuliko kungoja mikubwa iliyooza.

Wataalamu wanauita ugonjwa huo michirizi ya kahawia, kwa mistari inayojichora kwenye shina bichi. Ndugu yake ni batobato, na huyo hajifichi: majani yanaingia madoa ya njano, yanajikunja na kudumaa, na chini ya ardhi unakuta vijimizi vyembamba kama vidole. Yote mawili yanaletwa na virusi, yanabebwa na inzi weupe, kidudu cha kama milimita moja, na yanasambazwa na mikono yetu wenyewe. Mkulima wa muhogo hupanda pingili, na pingili iliyokatwa kwenye mti mgonjwa huenda na ugonjwa wake hadi shamba jipya.

Nimechagua mihogo kusimulia jinsi utafiti wa virusi na bioteknolojia ulivyokua katika nchi zetu. Sijui mmea mwingine unaoonyesha kwa uwazi kama huu jinsi elimu ilivyochipuka kwenye udongo wa hapa, ikaenda kuishi ughaibuni kwa miongo kadhaa, kisha ikaanza kurudi ikiwa mikononi mwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliozaliwa kwenye vijiji vinavyokula muhogo.

Usambara, 1894 hadi 1916

Muhogo ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika Magharibi katika karne ya 16, na baadaye ukafika pwani ya mashariki, ukapenda mchanga wetu na kuvumilia ukame wetu. Virusi vyake ndivyo wenyeji. Kule Amerika ya Kusini, kwao muhogo, virusi hivi havipo, na ndiyo maana wataalamu wanaamini kwamba vilikuwa vikiishi katika mimea ya porini ya Afrika. Mgeni alipofika, vilimpanda mgongoni.

Maandishi ya kwanza ya kisayansi kuhusu ugonjwa huu yalitokana na milima ya Usambara. Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, akieleza mazao ya Usambara, alitaja ugonjwa wa muhogo aliouita Kräuselkrankheit, yaani ugonjwa wa kujikunja. Ndiyo batobato ya leo. Karibu miaka 60 baadaye, mwaka 1952 na 1953, homa isiyojulikana ilipozuka katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, wenyeji nao waliipa jina kutokana na kukunja: chikungunya. Kirusi kimoja kilikunja majani, kingine kilikunja watu. Jina la Kijerumani leo linakumbukwa na wachache. La Wamakonde linaandikwa katika vitabu vya tiba vya dunia nzima.

Wakati Warburg anaandika, hakuna aliyejua kirusi ni nini. Miaka miwili kabla yake, Dmitri Ivanovsky wa Urusi alikuwa ameona kwamba utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa unaendelea kuambukiza hata ukishachujwa kwenye chujio linalozuia bakteria. Miaka minne baada yake, mwaka 1898, Martinus Beijerinck wa Uholanzi alidai kwamba kinachopita kwenye chujio hilo ni aina mpya ya kiambukizi, akakiita kirusi. Ugonjwa wa mihogo ya Usambara uliingia kwenye maandishi katikati ya tarehe hizo mbili, katika miaka ambayo fani yenyewe ilikuwa inazaliwa.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi kubwa ya biolojia na kilimo huko Amani, katika Usambara Mashariki, ikiwa na maabara, maktaba na bustani kubwa ya mimea kutoka pembe zote za dunia. Mmoja wa wataalamu wake, Albrecht Zimmermann, aliandika mwaka 1906 kwamba ugonjwa wa mihogo huenda unaletwa na kirusi. Hadubini za wakati ule zisingeweza kukionyesha. Alifikia hapo kwa kuangalia jinsi ugonjwa unavyohama, na alikuwa sahihi.

Kuna jambo jingine la enzi hiyo ambalo lilionekana halihusiani kabisa. Walowezi walikuwa wamepanda mpira wa Ceara, mti wa Brazili ambao ni jamaa wa karibu wa muhogo, wakitarajia utajiri. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka kwa sababu ya mashamba makubwa ya Asia, na mipira ya Tanganyika ikatelekezwa. Miti haikufa. Hadi leo watu wa Tanga na Unguja huchuma majani yake machanga, wakayatwanga na kuyapika kwa nazi: ndicho kisamvu cha mpira. Mti huo utarudi tena katika habari hii.

Amani ya Waingereza, 1928 hadi 1957

Vita ya Kwanza ilipokwisha, Amani ikawa ya Waingereza, nao walichelewa kuifufua. Mwaka 1928 alifika H. H. Storey, ambaye tayari Afrika Kusini alikuwa amegundua kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi hubebwa na kidudu kirukaruka. Pale Amani alikwenda mbele zaidi: alionyesha kwamba ndani ya spishi moja ya vidudu hivyo, wengine wanaweza kueneza kirusi na wengine hawawezi, na kwamba uwezo huo unarithiwa kutoka kwa wazazi. Kazi hiyo ilisomwa dunia nzima. Ilifanyika kwenye kilima cha msitu ambako barabara hutelezesha magari kila masika.

Kwenye mihogo, Storey alikuwa miongoni mwa waliothibitisha mapema kwamba inzi weupe ndio wanaoeneza batobato. Halafu mwaka 1936 alitangaza kwamba katika mihogo ya pwani kuna ugonjwa wa pili, tofauti na wa kwanza, akaupa jina la michirizi ya kahawia. Miaka mingi ugonjwa huo ulikuwa umejificha nyuma ya wa kwanza, kwa kuwa majani yake yanafanana na majani yanayozeeka tu. R. F. W. Nichols, mwenzake, aliandika mwaka 1950 maelezo kamili, pamoja na kuoza kwa mizizi, na akaeleza kwamba ugonjwa huo ni wa nchi za chini: ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, unapotea. Kauli hiyo ilikuja kuaminiwa kupita kiasi.

Tiba hawakuwa nayo. Mmea ulioingiwa na kirusi haunyweshwi dawa ukapona. Kilichobaki kilikuwa kutafuta muhogo unaostahimili. Nichols alikusanya mihogo ya nchi nyingi, akaipanda katikati ya ugonjwa, na hakuupata ulio imara vya kutosha. Hapo ndipo mpira wa Ceara ulipokumbukwa. Miti ile iliyotelekezwa ilikuwa na afya njema, virusi havikuionea. Tatizo mizizi yake ni migumu kama mbao, hailiki. Nichols, na baada yake D. L. Jennings, walichavusha maua ya muhogo kwa mbelewele za mpira, wakapanda mbegu zilizotoka, wakachagua machotara, wakawarudisha tena kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, ili wapate mzizi unaolika bila kupoteza nguvu ya baba wa porini. Na kwa kuwa pwani yetu ina magonjwa yote mawili, walilazimika kuchagua mimea inayohimili yote mawili. Wakati ule lilikuwa jambo la kawaida la kazi. Thamani yake ilionekana nusu karne baadaye, lilipokosekana.

Nikizisoma makala za Amani za miaka hiyo, naona mwanzoni mwake majina ya Waingereza, moja, mawili. Waliopanda pingili kwa maelfu, walioshika maua kwa mikono, walioyajua mashamba ya jaribio mstari kwa mstari, hao ni Wasambaa na Wabondei na wengineo, na majina yao hayapo. Hawakuwa na ngazi ya kupandia. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hadi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Makerere kule Uganda ilikuwa imeanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, na ilipofikia kutoa shahada mwishoni mwa miaka ya 1940, zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mtu aliyefanya kazi maabara ya Amani miaka 30 alistaafu akiwa mhudumu wa maabara.

Mbegu zinasafiri, 1957 hadi 1983

Utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulihamishiwa Muguga, nje ya Nairobi, na Amani ikageuzwa kuwa kituo cha malaria. Mwaka 1957 Jennings alichapisha matokeo, na kazi ya kuzalisha mihogo ikafungwa. Mimea yake ikaenda njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa ya posta. Mbegu za machotara wa Amani zilipelekwa Nigeria, na katika miche iliyoota kule ukachaguliwa mmoja uliopewa namba 58308. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, ilianzishwa Ibadan mwaka 1967, na miaka ya 1970 mzalishaji wake wa mihogo, S. K. Hahn, aliutumia mmea huo kama mzazi. Kwake ilitoka familia nzima ya mihogo inayostahimili batobato, maarufu zaidi ikiwa TMS 30572. Lakini Afrika Magharibi haina michirizi ya kahawia. Kule Ibadan hakukuwa na sababu ya kuuchagua muhogo kwa ugonjwa usiokuwepo, na hata wangetaka, wangeupimia wapi?

Njia ya pili ilikuwa ya miguu. Mihogo ya majaribio iliingia vijijini, ikapewa majina mapya, ikapandwa kwa sababu ilikuwa mizima na mitamu. Kusini mwa Tanzania mmoja wao aliitwa Namikonga. Pwani ya Kenya kulikuwa na muhogo unaoitwa Kaleso, ambao katika daftari za Amani ulikuwa na namba 46106/27. Kituo kilifungwa, lakini wakulima waliendelea kuitunza mbegu.

Upande wa maabara, habari ilihamia Muguga na Uskochi. K. R. Bock, akifanya kazi Kenya, alifanikiwa kuhamisha kirusi kutoka kwenye muhogo hadi kwenye mmea wa jamii ya tumbaku. Mwaka 1977 Bryan Harrison wa Uskochi, akiwa pamoja na Bock na wenzao, alichapisha jambo lililowashangaza wengi: kirusi hiki kina DNA, tena ya uzi mmoja uliojifunga duara, na kimekaa ndani ya maganda mawili yaliyoshikana kama mapacha. Virusi vya mimea vilivyojulikana hadi wakati ule karibu vyote vilikuwa vya RNA. Mwaka 1983 John Stanley na M. R. Gay, nchini Uingereza, walisoma DNA yote ya kirusi kilichotoka Kenya, duara mbili, kila moja herufi zaidi kidogo ya 2,700. Mwaka huohuo ikathibitishwa kwamba ndicho chanzo cha batobato, miaka 77 tangu Zimmermann alipokisia.

Mwaka 1977 huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Maktaba, mashine na watu waliokuwa mali ya nchi tatu wakagawanywa au kuachwa. Tanzania ilikuwa na chuo kikuu chake kinachojitegemea tangu mwaka 1970, na mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kikafunguliwa Morogoro, lakini mwanafunzi aliyetaka kuvisoma virusi kwa kiwango cha uzamivu alikata tiketi ya ndege.

Uganda inalia njaa

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kaskazini mwa Kampala, batobato ilibadilika tabia. Ugonjwa uliozoeleka, wa kupunguza mavuno, ulianza kuua mashamba. Wimbi lilisogea kusini kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka. Mwaka 1993 na 1994 watu wa Teso, ambao muhogo ndio uliowabakia baada ya vita na kuporwa ng'ombe, walikufa njaa.

Aliyekuwa akiongoza utafiti wa mihogo Uganda ni George William Otim-Nape wa kituo cha utafiti cha Namulonge. Shahada yake ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, mwaka 1993, na mada yake ilikuwa ueneaji wa batobato nchini Uganda. Tasnifu yake ilihusu moto uliokuwa ukiteketeza nyumba yao. Sijui mfano bora zaidi wa elimu ya juu kufika kwa wakati.

Jibu la kitendawili lilitoka mwaka 1997. Xueping Zhou, Harrison na wenzao walisoma DNA ya kirusi cha Uganda wakakuta ni chotara. Virusi vya aina mbili, cha mashariki na cha magharibi ya kati, vilikuwa vimekutana ndani ya mmea mmoja, na kipande cha kimoja kikajishona ndani ya kingine. Mihogo iliyokuwa na chotara huyu pamoja na kirusi cha kale ilidhoofika kupita yote. Wimbi likaingia magharibi mwa Kenya, likafika Kagera, likaelekea Rwanda, Burundi na Kongo.

Uganda iliokolewa na mihogo ya Ibadan. Nase 1, Nase 2, na Nase 3 ambayo wakulima waliiita Migyera, ambayo ndiyo TMS 30572, zilisambazwa wilaya kwa wilaya. Mjukuu wa Amani alirudi Afrika Mashariki kwa kupitia Nigeria, akalisha watu. Damu ya mpira wa Ceara iliyokuwa ndani yake ilizuia batobato kama Nichols alivyotaka.

2004: ugonjwa unapanda mlima

Kisha mwaka 2004, kwenye mashamba ya Mukono, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mihogo hiyo mipya ilikutwa na mizizi iliyooza. Titus Alicai na wenzake wa Namulonge walipima: ilikuwa michirizi ya kahawia, ugonjwa wa pwani, mahali ambapo kwa kauli ya Nichols haukupaswa kuwepo. Zamani za ukoloni ulishaingia Uganda ndani ya pingili zilizotoka Amani, mimea ikang'olewa na habari ikaisha. Safari hii haikuisha. Inzi weupe walikuwa wengi kuliko wakati wowote, na mashamba yalikuwa yamejaa mihogo ambayo haikuwahi kupimwa kwa ugonjwa huu.

Hilo ndilo lililonifanya nisikitike zaidi nilipoanza kufuatilia habari hizi. Amani walichagua kwa magonjwa mawili. Ibadan, kwa sababu za haki kabisa, walichagua kwa moja. Ulinzi wa pili ulidondoka njiani, na hakuna aliyegundua, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuunganisha daftari za Amani na mashamba ya Uganda. Taasisi iliyokuwa na kumbukumbu hiyo ilikuwa imevunjwa mara mbili.

Wala hakuna aliyekuwa amekisoma kirusi chenyewe kwa ukamilifu. Kwamba ni cha RNA na cha ukoo gani, hilo lilijulikana mwaka 2001 tu, katika maabara za Uingereza. Kwamba inzi weupe ndio wanaokibeba kulithibitishwa mwaka 2005. Tangu Storey, miaka 69.

Wanafunzi

Mikocheni, Dar es Salaam, kulikuwa na kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya ugonjwa wa minazi. Kikageuka kuwa taasisi ya utafiti wa kilimo yenye maabara ya kuchunguza jeni, na hapo ndipo kizazi kipya kilipojikusanya.

Joseph Ndunguru alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Pretoria. Makala yake ya mwaka 2005, aliyoandika na wenzake, ilionyesha kwamba virusi vya batobato vya Tanzania vina aina nyingi mno, na kwamba Afrika Mashariki ni kitovu cha wingi huo. Deusdedith Mbanzibwa alikusanya mihogo migonjwa ya Kanda ya Ziwa, akaenda nayo Chuo Kikuu cha Helsinki, na mwaka 2009 yeye na wenzake, akiwemo Settumba Mukasa wa Makerere, wakachapisha kwa mara ya kwanza RNA kamili ya kirusi cha michirizi ya kahawia, herufi takriban 9,000. Walikuta mle jeni ya ajabu, ambayo ni nadra kuonekana kwenye virusi. Walikuta pia kwamba virusi vya ziwani na vya pwani ni tofauti, na leo vinahesabiwa kuwa spishi mbili. Ugonjwa mmoja, maadui wawili: mzalishaji mbegu asiyelijua hilo anaweza kushangilia muhogo unaomhimili mmoja ukaangushwa na mwenzake.

Lazima niseme kidogo jinsi kazi hii inavyofanywa, maana neno bioteknolojia huwafanya wengi wafikirie vyumba vyeupe vya kwenye sinema. Mwanafunzi anaamka alfajiri, anapanda basi, anatembea mashambani, anaomba ruhusa kwa mwenye shamba. Anachuma jani la juu, anahesabu inzi weupe chini ya majani matano, anabana sampuli katikati ya kurasa za gazeti, anaandika mahali. Maabara anasaga majani, anatenga DNA au RNA, anaweka kwenye mashine ya PCR inayozidisha kipande anachokitafuta mara mamilioni. Umeme ukikatika katikati, anaanza upya. Kemikali ikiisha, anaagiza nje na kungoja wiki, hata miezi. Kisha, kwa miaka mingi, hatua ya mwisho ya kusoma herufi ilifanyika Ulaya, Marekani au Afrika Kusini: sampuli zinapakiwa, jibu linarudi kwa barua pepe, na mwanafunzi anaandika tasnifu kuhusu kitu alichokiona shambani lakini hakuona kikisomwa.

Utegemezi huo ulianza kulegea kidogo kidogo. Nairobi ilipata maabara ya pamoja ya bioteknolojia, BecA, ndani ya taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, ambako mtafiti wa Burundi au Rwanda anaweza kwenda kufanya kazi bila viza ya Ulaya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia. Arusha ilipata Taasisi ya Nelson Mandela, iliyojengwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Na Mikocheni, chini ya Ndunguru, iliongoza mradi wa nchi saba, kuanzia Kenya hadi Msumbiji na Zambia, wa kuvitambua virusi vya mihogo, ambao sehemu ya fedha zake ilisomesha wanafunzi. Mwaka 2015 kundi hilo lilichapisha jenomu 12 mpya za virusi vya michirizi. Hesabu zake zilifanywa kwa kompyuta kubwa za Australia, kwa ushirikiano na mtafiti Laura Boykin, lakini maswali yaliulizwa kutoka hapa.

Mwaka 2018 timu hiyohiyo ya Watanzania, Waganda, Wakenya na wenzao ilibeba mashine ya kusoma DNA inayotosha kiganjani, pamoja na kompyuta na betri, hadi kwenye shamba nchini Kenya. Walikaa chini ya mti, wakachuma jani, wakatenga DNA, wakasoma, na siku hiyohiyo mwenye shamba akaambiwa ni kirusi gani kiko kwenye mihogo yake. Wakati wa Storey jibu la namna hiyo lingechukua misimu kadhaa ya kupandikiza na kungoja.

Kuna mkondo mwingine, wa kuupa muhogo jeni. Watafiti wa Namulonge, wa KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, na wa Kituo cha Danforth cha Marekani walitengeneza mihogo iliyotiwa kipande cha virusi vyenyewe, ili mmea ujifunze kuvikatakata mapema. Majaribio yalifanyika mashambani, yakiwemo ya Mtwapa, Kenya, na Juni 2021 mamlaka ya usalama wa bioteknolojia ya Kenya iliidhinisha mmoja wao kwa hatua ya mashamba ya wazi. Mjadala wa vyakula vya namna hii ni mkali katika nchi zetu, na una haki ya kuwa mkali. Ninachotaka mimi ni kwamba anayesimama mbele ya bunge au ya wakulima kueleza kilichomo ndani ya muhogo huo awe mtu aliyejaza daftari la maabara kwa mkono wake, na awe anaweza kuulizwa swali kwa Kiswahili akalijibu.

Namikonga

Mwaka 2016 wanasayansi wa nchi kadhaa walichapisha jenomu za mihogo mingi na jamaa zake wa porini. Ndani ya Namikonga walikuta vipande virefu vya DNA ambavyo si vya muhogo. Ni vya mpira wa Ceara. Uchavushaji uliofanywa kwa mikono pale Amani, na watu ambao majina yao hatunayo, ulikuwa bado unasomeka herufi kwa herufi. Kipimo cha vinasaba kilionyesha pia kwamba Namikonga wa Mtwara na Kaleso wa pwani ya Kenya ni mmea mmoja. Wakulima wa nchi mbili, bila kujuana, walikuwa wametunza pingili zilezile kwa zaidi ya nusu karne.

Mtanzania Esther Masumba, akisomea uzamivu, aliuchukua Namikonga, ambao hauozi kirahisi, akauzalisha na muhogo uitwao Albert, ambao huoza haraka. Watoto wa ndoa hiyo walipandwa Chambezi, karibu na Bagamoyo, na Naliendele, Mtwara, mahali ambapo ugonjwa ni mwingi na mtu hahitaji kuuleta. Alitaka kujua ni sehemu zipi za kromosomu zinazokwenda pamoja na ukinzani, ili mzalishaji wa kesho aweze kuchagua mche ukiwa na majani machache, kwa kupima jeni zake, bila kungoja mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na sehemu hizo zikaonekana.

Lakini kabla ya kuziona ilibidi kungoja. Mimea ilikaa ardhini mwaka mzima. Kisha ikang'olewa mmoja mmoja, mizizi ikapangwa chini kwa namba, na kila mzizi ukakatwa vipande kwa kisu ili upewe alama, 1 kwa ulio mweupe kabisa ndani, 5 kwa uliooza wote. Mmoja anakata, mwingine anasoma alama kwa sauti, wa tatu anaandika.